Mguu wa Machibya Ulielekea Kituo cha Kwanza

S.L.P. 418,
Musoma.
5 Juni 2024

Mpendwa Kaka Onesmo,

Shikamoo. Natumaini wewe, Wifi Pelagia na watoto hamjambo huko Songea, na kwamba baridi haijamrudishia mdogo kifua. Sisi tu wazima. Mama yuko Nyamuswa, mguu umepungua kuvimba, na mtama umekubali mwaka huu. Mimi bado karani palepale; mkataba wangu unaisha mwezi wa nane.

Nimesalimia kama ulivyotufundisha. Sasa niruhusu nikasirike.

Mdogo wetu Machibya, uliyemfundisha besiboli ulipokuwa mwalimu Bunda, amesimamishwa timu ya mkoa. Atarudishwa iwapo Jumamosi ataiomba radhi kamati ya timu kwa "udanganyifu uwanjani". Hakudanganya mtu. Nitakueleza polepole, maana hata mimi nimejiuliza kama nampendelea kwa kuwa ni ndugu.

Bunda walikuwa sare na Musoma, mzunguko wa mwisho, Musoma wakipiga. Wawili wao walikwishatolewa. Mkimbiaji mmoja alikuwa kituo cha tatu, mwingine cha kwanza. Huyu wa kituo cha kwanza alisogea mbali na kituo chake huku akipiga kelele, "We mashoto, rusha basi, tukale!"

Machibya alikuwa amekanyaga kibao cha mrushaji. Kwa kuwa hurusha kwa mkono wa kushoto, uso wake ulitazama kituo cha kwanza. Akanyanyua mguu wa kulia. Haukupita nyuma ya kibao. Akaushusha moja kwa moja kuelekea kituo cha kwanza, na mpira ukaenda hukohuko. Alfonce, mlinzi wetu wa kituo hicho, akaudaka, akamgusa yule msemaji kabla hajarudi. Ametoka, ni wa tatu, zamu yao imekwisha.

Mwamuzi akapaza sauti: kosa la mrushaji, kila mkimbiaji asogee kituo kimoja! Yule wa kituo cha tatu akatembea mpaka kituo cha nyumbani, penye bao, kwa madaha kama bwana harusi, na Bunda wakafungwa.

Kosa gani, kaka? Mguu ungepita nyuma ya kibao ndipo arushe kituo cha kwanza, ningenyamaza. Angejifanya anarusha asirushe, hali bado amekanyaga kibao, ningenyamaza pia. Hakufanya lolote kati ya hayo.

Tatizo ni kwamba mwamuzi hajawahi kuona mrushaji wa mashoto. Angemwona wapi? Kwetu mtoto akishika kijiko kwa kushoto anapigwa kofi. Machibya mwenyewe bibi alimfunga mkono kwa kitambaa mpaka akazoea kula kwa kulia. Machungani tu ndiko hakuna aliyemfunga, na ndiko alikojifunza kurusha, akiwarudisha ng'ombe kwa mawe. Mrushaji wa kulia anakipa kituo cha kwanza mgongo. Akinyanyua mguu wa mbele namna ile, ameshaanza kurusha kwa mpigaji. Basi mwamuzi akampima Machibya kwa kipimo cha watu wa kulia.

Na mwamuzi huyo, kaka, ni Bwana Keraryo, mkuu wangu wa kazi, na ndiye mwenye kauli kwenye kamati hiyo.

Nilikuwapo uwanjani, niliona yote. Jumatatu nikaingia ofisini kwake, nikaweka rula sakafuni kuwa kibao, nikavua viatu, nikanyanyua mguu.

"Mbuke, umeanza ngoma ofisini?"

"Hapana, mkuu. Tazama mguu tu."

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akajikuna shingo.

"Kumbe! Mimi nilikuwaga natazama mkono."

Nikadhani yamekwisha. Akasema, "Lakini Jumamosi aombe radhi tu. Mtu mzima kama mimi nianze kujikosoa mbele ya watoto? Akiomba, namrudisha, basi. Na wewe, binti yangu, mkataba wako unapita kwangu."

Anajua! Asingejua ningemvumilia. Anajua, na bado anataka kijana apige magoti ili yeye abaki amesimama.

Nilimpelekea Machibya maneno hayo, nikiona haya. Akaniambia, "Dada, nikiomba radhi leo, kesho nikinyanyua mguu wataniita mwongo. Nitarushaje tena?"

Ningeweza kukupigia simu, lakini nakufahamu, ungempigia Bwana Keraryo kabla chai haijapoa. Barua hii itakufikia mambo yakiwa yamekwisha, na ndivyo nilivyotaka.

Mama anakusalimu sana, pia Baba Mdogo Silasi wa Murangi na Shangazi Rhobi, ambaye anauliza kama huko mnapata samaki wa maana. Wabusu Wifi na watoto. Mungu awafunike, na akiwa na nafasi aniangalie na mimi.

Jumamosi nakwenda Bunda, kwenye kikao cha kamati. Wakiniuliza, nitasema niliyoyaona na niliyoambiwa. Wasiponiuliza, nitavua viatu hivyohivyo mbele ya kamati.

Mdogo wako akupendaye, mwenye hofu lakini anakwenda,

Mbuke