Sauti Chini ya Biti

Kabati, Jumatatu

Kaka Nyamai,

Huku ndengu zimekauka vizuri na watoto wanakusalimia.

Nyimbo ulizorekodi nyumbani kwa Mama, Kalamba, nimezitayarisha kwa mastering, ule usafishaji wa mwisho kabla wimbo haujatoka. Besi nimeishusha, na kwenye maiki yako nimefuta kuku, mbwa na mlango wa bati.

Kwenye wimbo wa mwisho, nilipozima biti nikabaki na sauti ya maiki pekee, nilimsikia Mama chumba cha pili akikuomba maji. Ulimwambia akuache umalize, ukaanza kuimba upya. Faili ina tarehe ya siku aliyofariki. Kwenye mazishi ulilia ukisema hukuwa nyumbani.

Mama sikumfuta. Nilimwongezea sauti, nikatuma. Fundi wa mastering amempenda sana, anauliza huyo ni nani amwandike jina kwenye wimbo. Nimemwambia akuulize wewe.

Dada yako,
Nduku