Majibu Niliyomficha Mama

Jumatano, Chake Chake. Mvua imenyesha toka alfajiri, na mimi nimeamka nimechoka kana kwamba sikulala.

Asubuhi wenzangu wa maabara wamenipigia makofi. Makala yangu juu ya ugumba wa wanaume imekubaliwa na jarida, baada ya kurudishwa mara tatu. Nimeshukuru, kisha nikaenda kukaa peke yangu na chai iliyopoa.

Watu huniuliza nimechangia nini hasa. Nilipoanza, daftari la kliniki lilikuwa na majina ya wanawake tu. Mke hapati mimba, basi mke ndiye apimwe. Nikaongeza safu ya mume. Halafu nikaomba utobolewe mlango wa nyuma, upande wa migomba, ili mwanamme aje na kichupa chake cha sampuli bila ya kuonwa na majirani. Hadubini tulikuwa nayo siku zote. Wanaume ndio hawakuwa wakija.

Leo amekuja seremala mmoja kutoka Gando. Nitamwita Hamadi, si jina lake. Nimempima mara mbili, kwa miezi tofauti, na mara zote sikuona mbegu hata moja. Nimemweleza taratibu kwamba nguvu zake ni zilezile, ila mbegu hazitoki, na kwamba wapo madaktari wa kutazama kama njia imeziba.

Kisha akasema, "Daktari, mke wangu wa kwanza nilimwacha kwa hili. Nilimwita tasa mbele ya mamake."

Akaonesha mlango kwa kidevu.

"Huyu wa sasa yuko nje angoja. Mwambie ni yeye."

"Hilo siwezi, Hamadi."

"Basi usimwambie kitu. N'tamwambia mwenyewe siku ikifika."

Nikamwambia siku hiyo haifiki yenyewe. Nimelisema kwa ile sauti yangu ya kitaalamu, sauti ninayoichukia. Akanitazama.

"We una wana wangapi?"

"Sina."

"Na watu wa kwenu wajua kwa nini?"

Nimejifanya natafuta kalamu. Hamadi ameondoka bila ya kuaga, wala sijui kamwambia nini mkewe.

Hapa niandike ukweli.

Miaka saba iliyopita, nilipokuwa najifunza kipimo hiki, nilitumia sampuli yangu mwenyewe. Sikuona kitu. Nikadhani nimekosea kuweka kioo, nikaweka kingine. Mke wangu, Maryamu, nilimwambia siku ileile, nikamwomba anipe muda kabla ya kumwambia mama. Akanipa. Tangu hapo mama humletea kombe la aya za kunywa, mizizi ya kuchemsha, mafuta ya kukandwa tumbo. Maryamu hupokea kwa mikono miwili na kusema ahsante. Mwezi uliopita mama alianza kunitafutia mke wa pili.

Mimi nikawa naandika makala.

Baada ya sala ya alasiri nimekwenda Wawi. Nimemkuta mama barazani anachagua mchele. Nimekaa chini, nikasema kabla sijapata nafasi ya kuogopa.

"Mama, asiyezaa ni mimi. Maryamu mzima."

Mikono yake imeendelea kuchagua. "Umejua lini?"

"Yapata miaka saba."

"Na Maryamu?"

"Siku ileile."

Hapo ameweka uteo wa mchele chini. "Zile dawa zangu, akizinywa na huku ajua?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukimtazama?"

Nimesomea mambo haya miaka mingi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali gumu kuliko hilo.

Mama amevaa buibui lake, akasema, "Nipeleke kwake." Tulipofika, Maryamu alikuwa anakuna nazi. Mama akakaa mkekani karibu naye, akamshika mikono vilevile ina nazi. "Nisamehe, mwanangu. Nimekunywesha uchungu." Maryamu akaanza kulia, kilio ambacho sijapata kukisikia kwake, na mama akalia naye. Mimi nimesimama mlangoni, sijui niingie au nitoke. Mama akanambia nitoke.

Nimemrudisha mama Wawi kabla ya magharibi. Niliporudi, Maryamu alikuwa amekwisha kunawa uso. Nilitaka kusema mengi, akanizuia kwa kiganja.

"Mama nimeshamsamehe," akasema. "Wewe bado nakufikiria."

Ana haki. Yeye alisubiri miaka, na mimi leo nilitaka nisamehewe kabla ya chakula.

Kesho sitamuuliza kama amemaliza kufikiria. Nitaamka mapema, nitachemsha chai, nimpelekee, halafu ninyamaze.