Mkago Usio na Damu

Jumamosi, 11 Mfunguo Mosi 1331 (kwa hesabu ya boma la Wadachi, 13 Septemba 1913)

Yeremia amekuja tena baada ya Alasiri. Ni mwalimu wa Wakristo, Mhaya wa Kiziba, amepewa kibanda cha shule kule Nyakahanga. Kila Jumamosi anatembea mpaka hapa Nyabiyonza kuja kubishana na mimi barazani pa duka langu. Tumewekeana sharti: kuuliza ruhusa, kudharau marufuku. Anayedharau dini ya mwenzake anatoa kahawa ya kutafuna kwa wote waliopo. Mpaka leo mimi nimetoa mara tano, yeye mara moja. Ulimi wangu huu!

Leo nilimwuliza kwa nini wanafumba macho wakisali. Akasema ili wasione mambo ya dunia. Nikamwambia mimi nikifumba macho ndipo ninapoyaona yote, pamoja na chumvi iliyolowana ghalani. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaniuliza: nikisimama mbele ya safu kuwasalisha watu, namwona nani? Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu wa msikitini huniuliza kama mwezi umeandama. Nikamjibu kweli — siku nyingine simwoni yeyote, nasikia tu pumzi za watu nyuma yangu. Akasema naye vivyo hivyo.

Nampenda mtu huyu. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 18 Mfunguo Mosi

Tumekula mkago! Wanyambo hufanya hivi: tunda moja la kahawa, ndani punje mbili. Kila mmoja anajichanja karibu na kitovu, anapaka damu yake kwenye punje, mwenzake anaitafuna. Tangu hapo ni ndugu. Siri ya mmoja haitoki kinywani mwa mwingine, na akiitoa tumbo linavimba, anakufa.

Lakini damu kwangu ni haramu. Na mzungu wa misheni yake amewakataza kabisa mambo hayo. Tukakaa tunatazamana kama wachumba. Mwisho tukaafikiana: kahawa iwepo, damu isiwepo. Mimi nikasema Bismillahi, yeye akasema Amina, tukatafuna. Tukajiona tuna akili kuliko wazee wote wa Karagwe.

Mke wangu Mwanamisi alikuwa mlangoni. Mama yake ni Mnyambo, mambo haya anayajua. Akasema huo si mkago, tumekula kahawa tu. Nikamwambia hakosi neno. Akaingia zake ndani.

Jumamosi, 25 Mfunguo Mosi

Nimemwambia Yeremia. Sijui kama nimefanya vyema, ila kifua kimekuwa chepesi.

Mwaka jana Mwaja, binti yetu wa pekee, alishikwa na degedege siku tisa. Nilisoma Yasini mpaka sauti ikakauka. Nikaandika kombe, aya sahanini, zikaoshwa kwa maji, akanyweshwa. Siku ya kumi mimi na Mwanamisi tulimbeba mpaka Kanoni kwa mbandwa, yule mama anayepandwa na pepo Wamara. Mimi! Ninayewasalisha watu! Nilitoa mbuzi mweupe. Mama yule akatikisa kibuyu, akampulizia mtoto pombe ya ndizi kifuani, akamwita Wamara wake. Nami pembeni namwita Mungu kimoyomoyo: Ya Latifu, Ya Latifu. Jioni mtoto akaomba ndizi.

Nikamwuliza Yeremia: nani aliyejibu? Hilo ndilo linalonila. Nikimshukuru Mungu, naona haya kwa njia niliyopita. Nisiposhukuru, je, mtoto si mzima? Yeremia hakunihubiria. Machozi yakamlenga, akanishika mkono. Akasema naye ana swali kama hilo juu ya marehemu mama yake, ataniambia siku nyingine.

Mwanamisi aliniapisha nisimwambie mtu. Lakini huyu si mtu baki, ni ndugu yangu wa mkago.

Jumatatu, 27 Mfunguo Mosi

Mvua kutwa. Hakuna mteja. Mwaja amekimbiza kuku uani mpaka jogoo amekimbilia dukani kwangu.

Jumamosi, 3 Mfunguo Pili

Yeremia hakuja. Labda utelezi. Nilimwekea kahawa, nimeitafuna mwenyewe.

Jumatatu, 5 Mfunguo Pili

Mama mmoja wa Nyakahanga alikuja kununua chumvi. Akamtazama Mwaja, akatabasamu, akauliza: ndiye huyu mtoto aliyeponywa na Wamara?

Nikamwuliza kasikia wapi. Kanisani jana, akasema. Mwalimu alihubiri vizuri mno! Kwamba hata yule anayewasalisha Waislamu anajua sala zake hazifiki, ndiyo maana alikimbilia kwa mbandwa, na mbandwa naye ni uongo, basi watu waje kwa Yesu. Alinieleza kwa furaha, kama mtu aletaye habari za harusi. Mbuzi mweupe. Siku kumi. Hata Ya Latifu yangu! Hiyo hata Mwanamisi nilikuwa sijamwambia.

Nilimpimia chumvi. Nilimpa na nyongeza, sijui kwa nini.

Jumanne, 6 Mfunguo Pili

Nimekwenda Nyakahanga kwa miguu, sikuamkia mtu njiani. Nilimkuta Yeremia anapaka udongo ukuta wa shule. Aliponiona akaangusha bonge.

Akasema: "Waitu, ndugu yangu, jina lako sikulitaja."

"Ulisema nini?"

"Nilisema mwalimu mmoja wa Waislamu, mwenye duka, kule Nyabiyonza."

"Tuko wangapi, Yeremia?"

Akaanza kujieleza. Mzungu wake alimlaumu kwamba mwaka mzima hajapata hata mtu mmoja wa kubatizwa, na kwamba anapoteza Jumamosi zake kwa Mwislamu. Alitaka kuonyesha kuwa hazikupotea. Watu walilia, akasema. Kumi na mmoja wameandikisha majina yao.

Kumi na mmoja! Machozi yangu yamemfaa yeye!

Nikamkumbusha mkago. Akatazama mikono yake yenye udongo. Akasema polepole: "Hapakuwa na damu, Abdulghani. Sisi wenyewe tuliikataa."

Ningempiga. Wallahi ningempiga, lakini mdomo wake ulikuwa unatetemeka, na hilo limeniudhi zaidi. Msaliti angalau asimame imara! Nimerudi bila kuaga.

Jumatano, 7 Mfunguo Pili

Mwanamisi hasemi na mimi. Anaweka chakula, anaondoka. Usiku alisema neno moja tu: kwamba mimi na Yeremia ni wamoja, kila mmoja katoa siri aliyopewa. Nilifoka. Nilifoka kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 8 Mfunguo Pili

Mzee Saleh amekuja, mkubwa wa msikiti wetu, mwenye duka la nguo. Babu yake alifika huku na misafara kutoka Pangani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kukaa.

Ametengeneza mambo yote. Kesho kabla ya hotuba nitashika Msahafu mbele ya watu, niape kwamba sikwenda Kanoni. Basi. Wao watampeleka Yeremia barazani kwa mkuu kwa kosa la kusingizia: viboko ishirini na tano, kisha afukuzwe Karagwe. Nisipoapa, hakuna atakayesali nyuma yangu tena.

Nikamwambia, mzee, nilikwenda.

Akatazama mlango. Akaufunga. Akasema: "Najua. Hata mimi nilimpeleka mke wangu mdogo kule alipokosa kuzaa. Nusu ya safu ya mbele wamekwenda. Kosa lako si kwenda, Mwalimu. Kosa lako ni kusema."

Nimekaa kitako kama mtu aliyeanguka. Miaka saba nawasalisha. Miaka saba natoa hotuba juu ya shirki, kumshirikisha Mungu na mizimu, nao wanaitikia kwa vichwa, na mimi najiona mnafiki peke yangu! Yeremia amenivua nguo kanisani. Hawa wameniacha uchi siku zote, wakajifunika wao.

Ijumaa, 9 Mfunguo Pili

Adhana imekwisha. Naandika katika chumba cha kando ya msikiti, mlango nimeukomea.

Nimechungulia dirishani. Safu zimejaa mpaka nje, hata wale wasioonekana Ijumaa nyingine. Msahafu wameuweka juu ya mkeka wangu. Yeremia wamemleta asikie kiapo. Amesimama uani, watu wawili wamemshika mikono. Wote wawili nawajua. Mmoja wao, kwa maneno ya Mwanamisi, hupeleka mbuzi Kanoni kila mwaka.

Nikiapa, mtu atachapwa kwa kusema kweli. Nisipoapa, naishia leo. Nilidhani hasira yangu kwa Yeremia itanichagulia. Nimeitafuta tangu alfajiri. Ipo, tena kubwa, lakini haisemi kitu.

Saleh amegonga. Nikamjibu natawadha. Nimekwisha kutawadha mara tatu, maji yanadondoka juu ya karatasi.

Amegonga tena, anauliza kama niko tayari.

Nimemwambia wanisubiri. Bado sijatahirika.