Karatasi ya Mama Divine

Alhamisi

Na muda ulikuwepo. Tulifunga mdahalo dakika kumi kabla ya wakati, watu wakakimbilia sambusa.

Mada ilikuwa makazi ya watu wa kipato cha chini. Hapa chuoni maswali huandikwa kwenye karatasi, na kazi yangu ni kuyachambua kabla hayajamfikia mwendesha mdahalo. Mgeni rasmi alishanuna tangu swali la pili. Kwa hiyo nilipoiona karatasi ya Mama Divine, anayeniuzia mboga soko la Kimironko, niliisukuma chini kabisa. Na mimi ndiye niliyemwalika! Aliandika kwamba nyumba yake ya Kinyinya imepigwa alama nyekundu, inabomolewa Jumatatu, ana watoto wanne. Waende wapi?

Alikaa mbele na kitenge chake cha kanisani mpaka mwisho, kisha akanifuata.

"Dada, karatasi yangu imefika kwa mukubwa?"

Nikamwambia imepokelewa. Uongo ulitoka bila hata kukwama.

Akanishika mikono yote miwili. Kumbe alidhani ni barua ya malalamiko, na kwamba ikishapokelewa hakuna wa kumgusa hadi ajibiwe. "Imana ikubariki," akaniombea kwa Mungu. "Basi vyombo sifungi tena."

Ningemwambia ukweli pale pale, ila watu walikuwa wananiita, mgeni anataka picha, nami...

Hapana. Niliogopa tu.

Kesho asubuhi nitamfuata sokoni. Sijui nitaanzia wapi. Karatasi ninayo hapa mezani. Juu kabisa, kabla ya swali, ametushukuru kwa kumsikiliza.