Kopo Letu la Oili Limeacha Kuvuja, Shemeji

Shemeji Hamisi,

Sijui huko uliko kama watu wanaamkiana, lakini mimi naanza na shikamoo, na nakuona kabisa unavyokunja uso. "Shikamoo ya nini, mke wangu mdogo? Kwani mimi babu yako?" Haya, nimeshaisema. Itikia tu yaishe.

Nakuandikia nikiwa hapa hapa bandani kwetu pa kufulia bati, Masumbwe. Nimekaa kwenye gogo la fuawe kwa sababu kiti chako amekikalia kuku wa jirani, anatamia. Nilimfukuza mara mbili, akarudi. Mwisho nimemwacha, maana ananitazama kwa jicho lile lile ulilokuwa unanitazama nalo nikikata bati upande.

Nianze na habari kubwa: makopo ya oili hayavuji tena. Najua ungeniuliza hilo kabla hata ya kuuliza habari za dada yangu. Basi na dada mzima. Amemaliza eda, amehamia Shinyanga mjini, Kambarage, anaishi na mwanenu Rehema na anauza vitenge. Kulia analia, siwezi kukudanganya, lakini siku hizi analia huku anasimulia vituko vyako, kwa hiyo kilio chenyewe huwa hakifiki mbali.

Unakumbuka mambo ya makopo yalivyoanza? Mimi nakumbuka kama jana. Tulikuwa tumepeleka ndoo kule mwaloni, kwenye mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na Ngassa alikuwa anatia oili kwenye beringi mashine ikiwa inazunguka. Alitumia kile walichokuwa wanatumia maopereta wote: chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko kwa msumari. Akainama, akanyoosha mkono, mkanda ukamdaka kwenye mkono wa shati. Kufumba na kufumbua shati lote limekwenda, Ngassa amesimama kifua wazi, kola peke yake imebaki shingoni kama mchungaji. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Ngassa mwenyewe alicheka. Wewe hukucheka. Njia nzima ya kurudi ulikuwa unakunja na kunyoosha mkono wako mwenyewe, mpaka nikadhani unakuuma. Tulipofika ukaniambia, "Shemu, leo limekwenda shati. Siku nyingine utakwenda mkono. Yule anahitaji kitu cha kufikisha oili mahali ambapo mkono wake hautakiwi kufika."

Jioni ile ile ukakata kopo la maziwa ya unga.

Lile kopo la kwanza, Shemeji, Mungu akusamehe, lilikuwa baya. Juu limechongoka kama kofia, limetoka mrija mrefu kama mdomo wa korongo, na chini umeliwekea kitako cha bati nene. Maelezo yako yalikuwa mazuri sana: unalishika kopo mrija ukiwa katikati ya vidole, unaliinamisha, unabonyeza kitako kwa dole gumba, oili inaruka. Ukiachia, kitako kinarudi, kopo linavuta hewa, unabonyeza tena. Ila kitako hakikubonyea. Ngassa alijaribu kwa dole moja, kwa madole mawili, mwisho akaliweka kwenye goti. "Fundi," akasema, "kitako cha kopo lako kigumu kama cha mke wa diwani." Ukamwambia arudie hilo mbele ya diwani.

Ukaja na la bati jembamba. Hilo lilibonyea vizuri, likabaki limebonyea. "Limesusa," ukasema, ukaliweka kando kana kwamba lina haki ya kususa. La tatu likawa linakwenda na kurudi, tukafurahi, tukayatengeneza mengi tukayagawa mwaloni kote. Baada ya muda yakaanza kurudi moja moja, yamepasuka pale kitako kilipolehemiwa na ubavu, yanavuja. Hapo ndipo tulipokuwa. Ulikuwa umeshika moja, unaligeuza geuza kwenye mwanga, unasema, "Tunakosea mahali padogo, Shemu. Mahali padogo sana."

Ulianza kuumwa kichwa mwanzo wa wiki. Kabla wiki haijaisha tulikuwa tumeshakuzika.

Sitaandika zaidi kuhusu siku zile. Nilikuwepo, ulikuwepo, inatosha.

Baada ya arobaini kaka yako mkubwa, Baba Mwajuma, alipiga simu kutoka Kasulu. Alisema atakuja kuchukua vyombo vya marehemu. Dada akaniambia, "Kabula, nyamaza, hao ndio ndugu zake." Nikanyamaza usiku mmoja. Asubuhi nikampigia.

"Shikamoo shemeji mkubwa. Naomba mniachie vyombo mpaka mvua zianze."

"Marahaba. Utavifanyia nini?"

"Kazi."

"Kazi ipi? Kufua bati? Wewe?"

"Hiyo hiyo. Ndiyo aliyonifundisha."

Akaanza neno, akaliacha katikati. Kisha akasema, "Haya. Mvua zikianza nakuja."

Basi nikabaki na fuawe, nyundo, mikasi, jiko la mkaa, na makopo yanayovuja. Kila nililotengeneza lilipasuka palepale. Ngassa alikuja suruali ina doa kubwa mbele, akasema mkewe hamwamini kwamba ni oili. Na Mama Sungwa, yule mwenye mashine nyingi pale mwaloni, aliniita akanikalisha kwenye mkeka, akanipa chai ya maziwa. Nilipoona chai ya maziwa nikajua kuna jambo. "Kabula," akasema, "mimi nakupenda, na marehemu nilimpenda. Lakini nikitaka kitu cha kumwagilia nitanunua ndoo." Akasema vijana wake wamesharudi kwenye chupa za maji.

Hiyo ndiyo iliyoniuma. Kuambiwa makopo yangu mabaya nilikuwa nimezoea, ulinizoesha wewe. Lakini wale vijana kurudi kwenye chupa, na mikono yao kurudi kwenye mikanda... Nilitembea kurudi nyumbani natukana bati kwa Kisukuma barabara nzima.

Nikaenda Kambarage kwa dada, kupumzisha kichwa. Na sasa sikiliza, hapa ndipo ungeruka ukagonga kichwa kwenye paa. Asubuhi tunakunywa chai, mezani kuna jamu, Rehema ameinunua kwa ajili ya mama yake. Kifuniko chake cha bati kiko mbele yangu. Mimi mawazo yangu yako mbali, kidole kinabonyeza kile kifuniko katikati. Tak. Nikiachia, tak, kimerudi. Tak, tak. Dada akasema, "We Kabula, acha kuchezea kifuniko, unanikera." Nikaendelea. Tak. Akasema tena. Ndipo nikasikia ninachokifanya.

Nikakigeuza. Kifuniko ni bati jembamba, Shemeji, jembamba kuliko letu. Lakini pembeni kuna mkunjo wa duara, kama ngazi ndogo iliyozunguka, na katikati ndipo panapokwenda na kurudi. Ule mkunjo ndio unaonyumbuka. Ukingo wenyewe haupati shida yoyote, umetulia. Sisi kitako chetu kilikuwa bapa tupu, kwa hiyo kila ukibonyeza, bati lote linavutana na lehemu pale pembeni, linavutana, linavutana, mpaka linapasuka. Mahali padogo. Ulisema.

Nilinyanyuka na kifuniko mkononi. Rehema akaniuliza, "Mama mdogo, na jamu je?" Nikamwambia afunike na kisosi. Dada alidhani nimechanganyikiwa, akataka kuniombea dua, lakini mimi nilikuwa nishavaa viatu.

Sasa kazi ikawa kuukunja ule mkunjo bila mashine. Nilijaribu kuufua kwa nyundo kwa kukisia, ukatoka kama njia ya ng'ombe, huku umepanda huku umeshuka. Nikajaribu kuchonga ubao; ubao ukapasuka. Nikakaa nikaangalia banda zima kitu gani ni duara kamili na kigumu. Nikacheka peke yangu. Beringi! Beringi mbovu kutoka mwaloni, tumezirundika pale pembeni miaka yote tukizikwaa. Nikaitoa moja gololi, nikabaki na pete ya nje, chuma kizuri, duara kama mwezi. Nikaweka bati juu yake, nikalifua taratibu kwa nyundo ya mti kuzunguka ndani ya pete, kidogo kidogo kama unavyomkanda mtoto. Bati likaingia ndani ya pete, likapata ngazi yake. Nikalitoa, nikalibonyeza.

Tak.

Nilikaa chini, Shemeji. Muuza mihogo alipita akaniuliza kama nimeumia.

Bado kulikuwa na tatizo, usidhani nilishinda kirahisi. Nikilehemu, moto unalegeza bati na ule ubishi wa kurudi unakufa. Nikaunguza vitako vingi kwa namna hiyo, nikavipanga ukutani kama picha za harusi. Mwisho nikawa naweka kitambaa kilicholowa maji katikati ya kitako, chuma cha kulehemu napitisha upesi pembeni tu. Katikati pakabaki hapajaguswa na moto, pana nguvu zake. Nikajaza kopo oili, nikalilaza juu ya karatasi nyeupe ya boksi asubuhi. Nikaenda sokoni, nikapika, nikafua nguo, nikajizuia kurudi kuangalia. Jioni ile karatasi ilikuwa nyeupe kama nilivyoiacha.

Ngassa alipewa la kwanza. Nimeupinda mrija mwishoni ili usimame nyuma ya mkanda, mtu asimame mbali. Wewe ulikuwa unakataa mrija wa kupinda, ulisema mafuta yatapotea njia. Hayajapotea. Alisimama huko mbali, ameegemea nguzo kwa maringo, akabonyeza: tak, oili ikaenda moja kwa moja kwenye beringi, kitone baada ya kitone. Akaniangalia. "Kabula," akasema, "hapa hata nikivaa suti." Mama Sungwa akataka kila mashine yake iwe na la kwake. Siku hizi wapo wanaotoka mpaka Buseresere, na chupa za maji pale mwaloni zimerudi kwenye kazi ya maji.

Kisha mvua zikaanza.

Baba Mwajuma alikuja siku ya Ijumaa, ametokea msikitini, kanzu nyeupe hadi inaumiza macho. Nikamwamkia, akaitikia, akaingia bandani akawa anaangalia kitu kimoja kimoja. Anafanana nawe mgongo, nilikuwa sijui. Nikapata tabu kidogo pale, nikajifanya napuliza mkaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, Shemeji, nimeyapanga tangu Jumatatu. Niligeuka niyaanze, nikamkuta ameshika kopo lililojaa, amelielekeza kifuani, anachungulia kwenye tundu la mrija.

Nikasema, "Shemeji mkubwa, us..."

Tak.

Kuanzia kidevuni mpaka kitovuni. Mstari mmoja mweusi, umenyooka, ungedhani umepigwa na rula. Muuza mihogo aliyekuwa mlangoni akaondoka polepole kinyumenyume. Kaka yako akaiangalia kanzu yake, akaliangalia kopo, akaniangalia mimi. Halafu akabonyeza tena, safari hii nje ya mlango, oili ikaruka ikatua mbali kwenye tope. Akabonyeza tena. Na mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko chako kile kile cha kukohoa kama pikipiki isiyotaka kuwaka. Alicheka mpaka akaegemea fuawe. Nami nikacheka, na machozi yakatoka, na sikuyazuia tena.

Alipotulia akaniambia, "Hii ndiyo kazi mliyokuwa mnafanya?"

Nikasema ndiyo, aliianza yeye.

Akafuta kidevu. Akaniambia hakuja kuvunja banda. Vyombo vyote vikae hapa, vifanye kazi. Ila mama yenu, ambaye miguu haikumruhusu kuja mazikoni, kila siku anaomba aletewe kitu kimoja tu ambacho mkono wa mwanawe ulikizoea. "Nilidhani ningeweza kukueleza kwa simu," akasema, "nikashindwa. Ndiyo maana nikasema vyombo."

Tulitafuta pamoja. Nikampa ile nyundo ndogo ambayo mpini wake umelika kufuata vidole vyako. Mimi nikiishika, vidole vyangu vinapotea, haijawahi kunikubali. Aliifunga kwenye leso, akaitia mfuko wa ndani. Kisha akauliza kama ninaweza kumtengenezea kopo kwa ajili ya mashine yake ya kukamua mawese, na mrija upinde kiasi gani, na tukabishana hapo hadi alasiri. Kanzu haijatakata mpaka leo. Dada anasema amegoma kuitupa.

Kwa hiyo, Shemeji, nakuaga kwa leo, mkaa umeshika na Mama Sungwa ananingoja. Lala salama. Nakuahidi hivi: kiangazi kikifika nitapanda basi na dada tuende Kasulu. Kopo la kaka yako nitalipeleka mwenyewe. Nitakaa chini karibu na mama yako, nitamwamkia kwa niaba yako, na nitamsimulia yote, kuanzia shati la Ngassa. Akitaka kujua mwanawe alikuwa mtu wa namna gani huku ugenini, sitamwambia maneno makubwa. Nitamwekea kopo mkononi, nitamwelekeza dole gumba lake, nimwambie abonyeze.

Ni mimi shemeji yako,
Kabula