Mtu Unayemcheka Redioni

Nyamugari, Gitega
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa kaka yangu mpendwa Houssein, Muyinga,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Shakila na watoto, na kwamba kile kifua kinachokusumbua kila mvua zikianza kimekuachia mwaka huu. Sisi huku hatujambo. Mama bado anagombana na goti lake, na goti ndilo linaloshinda, lakini kula anakula na kusema anasema, alhamdulillahi. Kila siku ananiuliza kama umepiga simu. Namjibu kwamba mtandao wa Muyinga ni mbovu. Sasa hata yeye ameanza kuulaani huo mtandao, na mimi naona aibu.

Najua utashangaa, siku hizi nani anaandika barua? Lakini nimekupigia simu mpaka nimechoka, na ujumbe wangu unausoma na kunyamaza. Basi nimempa Amisa, jirani yetu anayekuja huko na vitenge vyake. Nimemwambia asimwachie mtu, akupe mkononi na akae mpaka uifungue. Unamjua Amisa, hataondoka. Tafadhali usome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Kaka, unakumbuka nilipoanza kile kipindi cha redio cha kila Jumamosi, ulinicheka ukasema wakili nimepata mahali pa kubishana bila hakimu wa kuninyamazisha. Ulisema kweli. Kule naeleza kesi zinazosikilizwa hapa Gitega kwa Kiswahili ambacho hata mama anakielewa. Naeleza habari za watu wanaosahauliwa rumande, za wajane wanaofukuzwa kwenye mashamba ya waume zao, za sheria mpya ambazo hakuna aliyetuambia. Wengine wananipigia kuniombea dua. Wengine wananiuliza nani ananilipa kutetea wauaji. Nimezoea, au nilidhani nimezoea.

Ndipo ikaja kesi ya Nazario. Huyu ni mkulima wa Itaba, aliyezaliwa na kukulia Tanzania, akarudi mtu mzima na mkewe Vumilia. Kirundi chake ni cha kuombea maji tu. Walirudi wawili, yeye na mdogo wake Urbano, wakagombania shamba la baba yao mpaka majirani wakachoka kuwaamulia. Jioni moja wakakaa nyumbani kwa Nazario, wakapatana, wakagawana shamba, na Vumilia akawapikia. Kesho yake alfajiri Nazario akaondoka kwenda Kabanga, ng'ambo ya mpaka, kumpelekea mama yao habari njema. Siku hiyohiyo Urbano akakutwa amekufa bondeni. Nazario akakamatwa mpakani Kobero, na kila mtu akasema, si mnaona, alikuwa anakimbia.

Kilichomfunga maisha si kule kukamatwa mpakani. Ni neno moja. Polisi walimhoji huko Muyinga kwa msaada wa mkalimani, wakamuuliza kama alikuwa na ugomvi na marehemu. Akajibu kwa Kiswahili chake cha Tanzania: "Tulikuwa nao, lakini tulishamalizana." Wewe na mimi tuliokulia Nyamugari tunasema tulisikilizana. Kwao wenzetu, watu wakipeana mikono na ugomvi ukaisha, wamemalizana. Lakini kwa Kirundi liliandikwa kwamba alishammaliza. Mahakama ikasoma kwamba mtu amekiri mwenyewe, na ushahidi wa mkewe ukaonekana ni wa mke tu. Nani alimuua Urbano, hakuna aliyetafuta tena.

Mimi niliipokea kesi kwenye rufaa, Vumilia aliponijia akilia. Nilipomsikia Nazario gerezani akilitamka neno lile kwa kinywa chake, nilielewa palepale, na hasira ikanipanda. Jumamosi iliyofuata nikaifungua redioni. Msikilizaji mmoja akapiga simu akasema: "Maître, mutu iko anasema yeye mwenyewe, we unatafuta nini tena?" Nikamjibu kwamba mtu hakusema, alisemewa. Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza, maana unanijua nikishika kipaza sauti. Nikasema kuna wakalimani ambao Kiswahili chao kinaishia kwenye bei ya mchele, na polisi wanawakabidhi roho za watu. Mtangazaji akacheka. Mji mzima ukacheka. Kesho yake sokoni watu walikuwa wakilirudia, nami nikatembea kifua mbele.

Jioni Shakila akanipigia simu. Hakunisalimia. Akasema: "Wifi, uyo mutu unacheka ku redio ni bwana yangu."

Kaka, wallahi sikujua. Nilijua unapitisha mizigo ya watu forodhani pale Kobero, na nilijua polisi wakikamata mtu wa Kiswahili kitupu wanakuita uwasaidie, maana ulikuwa ukijivunia jambo hilo na sisi tukijivunia wewe. Kwa nini sikuunganisha? Nafikiri moyoni mwangu mkalimani aliyekosea alikuwa mtu mjinga fulani, na wewe si mjinga. Shakila amenieleza kwamba vijana wa mpakani sasa wanakuita Malizana, na kwamba umeacha kwenda kazini kwa sababu hiyo. Hayo nimeyafanya mimi kwa ulimi wangu. Nisamehe. Jumamosi iliyopita nilimwambia mtangazaji kwamba nimepumzika, na sijui kama nitarudi.

Ningeishia hapa, barua hii ingekuwa ya kuomba radhi tu. Lakini kesi inasikilizwa Alhamisi ya juma lijalo, hapa Gitega, na Nazario hana kitu kingine mkononi. Mimi nikisimama kuwaambia mahakimu kwamba kumalizana ni kupatana, wataniambia huo ni mdomo wa wakili. Anayeweza kusema alichokisikia siku ile na alichokitafsiri ni mtu mmoja tu. Kwa kawaida wakili angemwandikia rais wa korti, mkalimani angeitwa, angekuja atake asitake. Nilijua pia kwamba sistahili tena kuishika kesi yenye ndugu yangu ndani. Nimewatafuta wenzangu wanipokee faili. Wote wana kazi nyingi.

Basi nikaenda gerezani kumwambia Nazario tumempata mkalimani na nataka aitwe. Akauliza kama ni yule mrefu mwenye kikohozi. Nikasema ndiye. Akatikisa kichwa, akasema hapana, asiitwe. Nikadhani hajanielewa. Nikamweleza tena taratibu kwamba bila mtu huyo atakufa mle ndani. Akasema ameelewa.

Kumbe, kaka, kuna mambo hukuwahi kutusimulia. Nazario ameniambia kwamba katika chumba kile kila mtu alimfokea kwa lugha asiyoijua, mpaka ulipoingia wewe ukamwambia pole ndugu yangu. Kwamba alikuwa anatetemeka, ukavua sweta lako ukampa, na bado analo. Kwamba ulitoka nje ukampigia Vumilia kwa simu yako kumwambia mumewe yuko hai na yuko wapi, bila hivyo asingejua. Aliposikia unatafsiri, sikio lake lilishtuka kidogo, lakini akajiambia mtu aliyemvalisha sweta hawezi kumsemea vibaya. Sasa anaogopa kwamba ukija kukiri umekosea, watakufunga kwa kusema uongo mbele ya polisi. Naye anasema una watoto.

Sikuweza kumficha. Nikamwambia kwamba mtu huyo ni kaka yangu, tumbo moja. Nilidhani atanifukuza, na angekuwa na haki. Akasema kwamba yeye mdogo wake amekufa na wamemnyima hata kumzika, na hataki mimi nami nikose ndugu kwa ajili yake. Akaniomba nimwahidi kwamba sitakuita kortini. Kaka, nimekuwa wakili miaka mingi, na sijawahi kulia mbele ya mteja. Siku ile nililia, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Nilimwahidi. Kwa hiyo ujue kwamba hakuna karatasi ya wito itakayokuja nyumbani kwako, wala polisi hawatagonga mlango. Nazario amekuachilia huru. Kama watakushtaki ukija, sijui. Mtu aliyekosea lugha si mtu aliyesema uongo, na hilo nitalipigania kwa nguvu zangu zote, lakini siwezi kukuapia kwamba nitashinda. Nimeshindwa kesi rahisi kuliko hiyo.

Nakwambia siku tu. Ni Alhamisi, asubuhi. Ukija, nitajitoa palepale ili korti impe wakili mwingine kazi ya kukuuliza, na Nazario atanilaumu mimi, wala hatakulaumu wewe. Usipokuja, sitamwambia mama, na sitakuuliza kwa nini, leo wala siku tutakayokuwa wazee. Nitasimama mbele ya mahakimu niwaambie kwamba upande wa utetezi hauna shahidi, kisha nitageuka nimtazame Nazario, naye ataniinamishia kichwa kunishukuru.

Mama anakusalimu sana na anasema ufunge kifua chako. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na Shakila mwambie wifi yake anaomba radhi kwa magoti. Mungu akulinde popote utakapokuwa siku hiyo.

Wassalaam,
mdogo wako akupendaye,
Zaituni