Besi ya Pili Sikuikanyaga

Jumatatu, mtaani Section 58. Upepo tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye sukari. Nimeamka na hasira, na hakuna wa kumrushia isipokuwa mimi mwenyewe.

Jana tulipoteza mechi kwa sababu yangu.

Wacha niandike vile ilivyokuwa kabla sijaanza kujitetea. Tunacheza softiboli, mdogo wake besiboli: unapiga mpira kwa gongo, unakimbia kituo hadi kituo, na kila kituo ni besi. Sisi ni wanawake kumi na watatu, wiki nzima tuko kazini, Jumapili baada ya kanisa tuko uwanjani. Jana ilikuwa awamu ya mwisho, tuko sare, na tayari tulikuwa na auti mbili, yaani wawili wetu wametolewa, na ya tatu hufunga zamu yetu. Mwenzetu mmoja alikuwa besi ya tatu, mimi nilikuwa ya kwanza. Chela akashika gongo. Chela anauza viazi Mai Mahiu, na msimu wote alikuwa hajapiga mpira wa ushindi. Jana aliupiga. Ukapita juu ya vichwa vya wapinzani wote, yule wa besi ya tatu akafika nyumbani, ile besi ya mwisho inayoleta pointi, na wamama wa kanisa, vile wao hufanya kila tukishinda, wakamwagika uwanjani na vigelegele.

Na mimi nikageuka, nikakimbia kumkumbatia Chela.

Sheria yenyewe ni rahisi. Mpira ukipigwa hivyo, aliye besi ya kwanza lazima akimbie akanyage ya pili. Asipoikanyaga, mpinzani akaikanyaga akiwa na mpira mkononi, huyo mkimbiaji ni auti. Na kama ni auti ya tatu, ile pointi iliyoingia inafutwa. Dada mmoja wa timu ya Naivasha alipenya katikati ya wamama, akaokota mpira, akaenda akakanyaga. Mwamuzi akainua ngumi. Tukaongezewa awamu, tukapigwa.

Sasa kinachoniuma zaidi ni hiki. Kwenye timu yetu, mimi ndiye kama mwalimu wa historia ya huu mchezo. Kuna msimu mmoja wa ligi ya kulipwa kule Amerika, zaidi ya miaka mia iliyopita, ambao naujua karibu mechi kwa mechi. Timu tatu zilikabana koo hadi siku za mwisho. Kijana wa miaka kumi na tisa yuko besi ya kwanza, mwenzake anapiga, pointi inaingia, mashabiki wanajaa uwanjani, naye anakata kona kwenda kubadilisha nguo bila kukanyaga besi ya pili. Ushindi ukafutwa. Mechi ikarudiwa mwisho wa msimu, wakashindwa, ubingwa ukaenda. Nimewasimulia wenzangu hiyo stori mara ngapi, nikimwigiza vile alivyogeuka, tukicheka mpaka machozi. Nilikuwa namwita kichwa maji.

Ati kichwa maji. Ghai!

Leo asubuhi saluni yangu haikuwa na wateja, nikausoma tena ule msimu kwenye simu. Safari hii sikucheka. Kumbe siku hizo wachezaji wengi walifanya vilevile. Watu wakiingia uwanjani, unatoroka usije ukakanyagwa. Na baada ya siku hiyo timu yake ilipoteza mechi zingine, za kawaida tu, na hakuna anayewataja waliozipoteza. Inasemekana alimwomba kocha wake amtoe, kocha akakataa. Alicheza miaka mingine mingi. Lakini alipostaafu alikaa mbali na huo mchezo muda mrefu sana, kwa sababu watu hawakuchoka kumkumbusha.

Hapo ndipo niliposhtuka. Jana jioni nilikuwa nimemwandikia kocha kwamba natoka kwenye timu. Niliandika eti kazi imekuwa nyingi. Uongo mtupu! Ni aibu. Na nikisema ukweli wote, ni kwamba namwogopa Chela. Ushindi nilioufuta ulikuwa wake.

Kocha alinijibu kwa neno moja: Hapana.

Saa nane mchana nikampigia Chela. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakapotea yote. Nikamwambia tu, "Chela, nisamehe. Nilikukosea, halafu nikataka kutoroka."

 Nikasikia malori yakipita nyuma yake.

"Nilikasirika," akasema. "Hata saa hii nimekasirika, Wairimu, sitakudanganya. Mathe alikuwa amekuja kuniona nikicheza. Alitoka mbio kuwahi gari, akaenda nyumbani akijua tumeshinda. Mpaka leo sijamwambia."

Aki, mamake mzazi! Nililia kidogo, na najua alinisikia.

"Sasa skiza," akaendelea. "Jumapili nitapiga tena. Na nikipiga, nataka ni wewe uko besi ya kwanza. Si mtu mwingine."

Nimemwandikia kocha upya, bila visingizio. Halafu nimefunga saluni mapema, nikaenda uwanjani peke yangu. Nimekimbia kutoka besi ya kwanza hadi ya pili mara ishirini, na kila mara nimeikanyaga kama mtu anayeua siafu. Watoto waliokuwa wakipita wamesimama kunicheka. Wacheke tu.

Magoti yanauma vibaya. Kesho narudi.